Nitrati, nitriti: jina linasema nusu tu

Wenzangu, kitabu naongelea leo ni cha zamani sana, lakini kila mwanafunzi wa kemia anakitumia bila kukijua. Mwaka 1787 Wafaransa wane, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa Méthode de nomenclature chimique. Ndicho kilituletea nitrati na nitriti, sulfati na sulfiti. Mbele ya hapo watu walisema «vitriol ya buluu», na jina lenyewe halikuonyesha kama ndani iko shaba. «Sulfati ya shaba» linaonyesha. Tuwape haki yao: kazi ilikuwa nzuri kabisa.

Ila iko mipaka. Mwisho wa -ati unakuambia oksijeni ni nyingi kuliko kwa -iti, basi. Ngapi? Hausemi. Nitriti iko na mbili, sulfiti tatu, nitrati nayo tatu, sulfati ine. Na chaji je? Kimya. NO₃⁻ iko na moja, SO₄²⁻ mbili, PO₄³⁻ tatu. Tusiwalaumu: neno «ioni» lenyewe lilikuja na Faraday, mwaka 1834.

Mimi nalaumu namna ya kufundisha ya leo. Mwanafunzi anapewa fotokopi ya orodha, anakariri, anapita mtihani, anasahau. Hakuna anayemwambia kwamba shambani ni chaji ndiyo inatawala. Udongo wa mfinyanzi mara nyingi uko na chaji hasi: unashika NH₄⁺, K⁺, Ca²⁺. NO₃⁻ haushiki, mvua inaiteremsha chini ya mizizi. Urea yenyewe si ioni, lakini udongoni inageuka amonio, kisha nitrati. Ndiyo sababu tunasema urea igawanywe, isimwagwe yote siku moja. Fosfati nayo ni hasi, lakini haikimbii: kwenye udongo wetu mwekundu chuma na alumini vinaifunga, mmea unabaki na njaa.

Sasa niambieni: agronome mwenye kujua majina peke yake atamshauri nini mama aliyeuza mbuzi ili anunue mfuko mmoja wa urea?

Orodha ibaki, sikatai. Lakini kando ya «taja jina la ioni hii», tuongeze swali moja kwenye mtihani: mvua kubwa ikinyesha usiku, ipi itabaki shambani, na kwa nini? Mwenye kujibu hilo, majina hayatamtoka tena.