Marivaux na muchezo wake wa wachumba wanne

Wengi wetu tulifundishwa kwamba Marivaux ni mwandishi wa maneno mazuri na matupu. Tunapenda kuwaonyesha wandugu waseminari, na mapadri waliosahau kitabu chake ndani ya sanduku, ya kwamba «Le Jeu de l'amour et du hasard» inastahili kusomwa tena, na kusomwa kwa sauti.

Muchezo huu ulichezwa mara ya kwanza katika Paris, mwaka 1730, na wachezaji Waitalia. Bwana Orgon anataka kumwoza binti yake Silvia kwa Dorante, mwana wa rafiki yake. Silvia hajamwona bado. Anaomba ruhusa ya kuvaa nguo za mutumishi wake Lisette, na Lisette avae zake, apate kumchunguza muchumba bila kujulikana. Kumbe Dorante amepata shauri lile lile: anafika katika nguo za boyi, na boyi wake Arlequin anajifanya bwana! Baba amekwisha kuambiwa yote kwa barua, lakini ananyamaza, na sisi tunajua pamoja naye. Kicheko kinatoka pale: maneno yana maana mbili, na anayesema anajua moja tu.

Lakini kwa nini Silvia anaogopa? Hapa tusipite upesi. Katika mazungumzo ya kwanza anataja wanaume wenye sura mbili, moja ya inje na moja ya nyumbani. Tersandre anawapokea wageni kwa uso wa furaha. Muke wake anaonekana na macho yaliyotoka kulia sasa hivi. Katekista anayetayarisha wachumba, je, hamjui Tersandre mumoja? Tena baba anamwambia binti kwamba, kama Dorante hampendezi, aseme tu, naye atarudi kwao. Kanuni 1057 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba kukubali kwa wachumba wenyewe ndiko kunakofanya ndoa, wala hakuna uwezo wa kibinadamu unaoweza kushika pahali pake. Orgon, muzazi wa kuchekesha, analifahamu jambo hili kuliko wazee wengi wenye heshima.

Mwisho wa sehemu ya pili Dorante anamfunulia Silvia jina lake. Silvia anafurahi, lakini hasemi lake. Anataka Dorante amwombe ndoa akiwaza bado kwamba yeye ni mutumishi. Wengine wanamusifu kwa akili yake. Sisi hatumusifu kabisa: Dorante anahatarisha heshima na mali yake, na Silvia hahatarishi kitu, maana amekwisha kujua kwamba anampenda bwana, si boyi. Mwandishi hakutaka kufika mbali zaidi. Kila mutu anarudi katika cheo chake, na sisi ambao wazee wetu waliitwa boyi hata wakiwa na mvi tunacheka kidogo kwa uchungu.

Lakini musomaji asiache mazungumzo ya Arlequin na Lisette katika sehemu ya tatu. Wanazunguka, wanaona haya, kisha kila mumoja anaungama kwamba yeye ni mutumishi tu. Mabwana wao walihitaji sehemu tatu na machozi. Hawa wawili wanacheka, wanasameheana palepale, na wanaendelea kupendana.