High Line: Bustani Ambayo Kwanza ni Paa

Anayepanda ngazi kuingia High Line, magharibi mwa Manhattan jijini New York, huona nyasi zikichomoza kati ya reli, akadhani treni ziliacha kupita, majani yakaota, kisha watu wakafunguliwa geti. Sivyo. Karibu kila kilichokuwa juu kiling'olewa kwanza, ndipo baadhi ya reli zikarudishwa na mimea ikapandwa upya.

High Line ni daraja la reli la chuma na zege, lililo mita 9 hivi juu ya barabara; lilianza kupitisha treni za mizigo mwaka 1934. Ya mwisho ilipita mwaka 1980 ikiwa na bata mzinga waliogandishwa. Magugu yakajiotea kwenye kokoto.

Ujenzi ulipoanza mwaka 2006, mafundi walizipa reli namba na kuandika mahali pa kila moja, wakaziondoa pamoja na mataruma, kokoto na udongo hadi zege likabaki tupu. Nyufa zikazibwa, likatandazwa tabaka la kuzuia maji. Chuma kikakwanguliwa rangi ya zamani yenye risasi, kikapakwa upya. Ndipo, kama kwenye paa lenye bustani, zikafuata tabaka za kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja na udongo, halafu baadhi ya reli zikarudi mahali pake.

Udongo huo kwa wastani haufiki nusu mita, nao ndio uliompa Piet Oudolf, mbunifu wa upanzi, mipaka yake. Alichagua zaidi nyasi na maua ya kudumu yanayostahimili ukame na upepo. Njia nayo imetengenezwa kwa vipande virefu vyembamba vya zege vilivyoachiwa nafasi katikati: mvua hupenya na kuinywesha mimea, na ncha za vipande hivyo zilizochongoka huruhusu majani kupanda hadi njiani.

Kabla ya nyundo kulikuwa na sheria. Wenye viwanja chini ya daraja walitaka livunjwe ili wajenge. Mwaka 2005 jiji liliwaruhusu kuuza haki yao ya kujenga kwa wenye viwanja vya jirani. Kulivunja hakukuwa tena na faida kwao, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2009.

Kazi haikuishia hapo: mashina makavu ya mimea huachwa yasimame majira yote ya baridi. Ifikapo Machi, watunza bustani na watu wa kujitolea huyakata kwa mikono, kipande kwa kipande. Mji unaotaka kuiga usianze na miche. Uanze na bajeti ya mikono hiyo.