Juu ya Picha ya "Captain Phillips": Maoni ya Mtazamaji Asiye Fundi

Mimi si fundi wa sinema. Sikusomea namna picha zinavyopigwa, wala sijui majina ya vyombo vinavyotumiwa. Najua kukaa kitako na kutazama mpaka taa ziwashwe. Mtu wa namna hii aghalabu hatazamiwi kutoa hukumu katika jarida linalosomwa na wanafunzi na wataalamu. Walakini, hadithi ikitwambia kwamba mambo yake yalitokea kweli, imekwisha kutupa haki ya kuuliza maswali yasiyohitaji ufundi. Hadithi ya kubuni yaulizwa kama inapendeza na kama inasadikika. Hadithi ya kweli yaulizwa jambo la tatu nalo: katika ukweli wote uliokuwapo, ni upi uliochukuliwa na ni upi ulioachwa?

Picha ninayotaka kuizungumza ni Captain Phillips, iliyotolewa mwaka 2013 na kuongozwa na Mwingereza Paul Greengrass. Maneno yake yaliandikwa na Billy Ray, naye aliyatoa katika kitabu cha mwaka 2010 alichokitunga nahodha mwenyewe, Richard Phillips, akisaidiwa na mwandishi mwingine. Tukio lenyewe lajulikana. Tarehe 8 Aprili 2009, meli ya makontena iitwayo Maersk Alabama, yenye bendera ya Marekani na mabaharia 20, ilikuwa katika Bahari ya Hindi mbali na pwani ya Somalia, ikitoka Salalah katika Oman kwa njia ya Djibouti, ikielekea Mombasa. Wasomali wanne wenye bunduki waliipanda. Mabaharia wengi walijificha penye mitambo, nao wakafaulu kumkamata kiongozi wa maharamia. Hatimaye wote wanne walishuka katika mashua ya kuokolea watu, wakimchukua nahodha pamoja nao. Manowari za Marekani zikaifuata mashua hiyo, na tarehe 12 Aprili wapiga shabaha wakawaua watatu kwa mara moja. Wa nne, kijana Abduwali Muse, wakati huo alikuwa ndani ya manowari, akatiwa mbaroni. Nahodha aliokoka.

Kila aliyesikiliza habari katika siku zile aliujua mwisho huu kabla ya picha kutengenezwa. Basi la kwanza la kustaajabia ni kwamba picha yenyewe yamshika mtazamaji kooni tangu vidau viwili vinapoonekana juu ya maji mpaka risasi zinapolia. Greengrass alikwisha kuonyesha uwezo huu katika United 93 ya mwaka 2006, habari ya ndege moja ya tarehe 11 Septemba 2001, ambayo mwisho wake hapana aliyekuwa haujui. Ufundi wake, kwa kadiri ninavyouelewa, ni kumnyang'anya mtazamaji umbali. Kamera yayumba kama mtu asiyezoea bahari. Nyuso zaonekana kwa karibu mno. Kisha watu watano wafungwa ndani ya mashua iliyofunikwa pande zote, yenye joto na harufu, miraa ikiwapungukia wenye kuitafuna na hasira zikipanda. Mwisho twaujua, lakini dakika inayofuata hatuijui, na hilo latosha kututia hofu.

La pili ni wachezaji. Tom Hanks, aliye nahodha, hahitaji sifa zangu. Wale wanne walioigiza maharamia walipatikana miongoni mwa Wasomali wakaao Minneapolis, katika Marekani. Barkhad Abdi, aliyeigiza Muse, alizaliwa Mogadishu, naye hakuwa ameigiza katika picha yoyote kabla ya hiyo. Inasemekana kwamba mwongozaji hakuwaruhusu kuonana na Hanks mpaka siku ya kuipiga sehemu ile wanapoingia katika chumba cha usukani, na hapana shaka ugeni unaoonekana katika nyuso zao pale si wa kuigiza. Abdi asimama mbele ya nahodha, mwembamba kama mlingoti, amwambia amtazame machoni na ajue kwamba sasa unahodha umebadili mikono. Sauti yake haipandi. Katika picha za namna hii mwenye bunduki hupiga makelele. Huyu hana haja nayo. Hakustahili pungufu ya ile tuzo aliyopewa na Waingereza mwaka 2014.

Nimeyasema haya kwanza ili msomaji asidhani kwamba nimekuja kubomoa. Niliitazama picha hii Mombasa, nyumbani, pamoja na jamaa kadhaa, na miongoni mwao alikuwamo mjomba wangu, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika meli. Alitazama kimya toka mwanzo hadi mwisho. Taa zilipowashwa kila mtu alianza kusema: huyu amsifu nahodha, yule awalaani maharamia, mwingine ahesabu gharama ya manowari. Mjomba alingoja watulie, kisha akanigeukia akasema, "Mwanangu, na meli je? Ilifika?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa picha haikunipa. Nilipotafuta nililiona katika habari za siku zile. Maersk Alabama iliingia bandari ya Mombasa usiku wa tarehe 11 Aprili 2009, siku moja kabla nahodha wake hajaokolewa, ikiwa na mabaharia wake na shehena yake. Shehena hiyo ilikuwa tani 17,000, na katika hizo tani 5,000 zilikuwa za msaada kwa Somalia, Uganda na Kenya. Mabaharia wale walisimama juu ya meli yao, wakawapigia kelele waandishi walio chini gatini, wakimtaja nahodha wao aliyekuwa bado baharini katika mikono ya watekaji. Jambo hili lilitokea kweli, nalo linafaa kwa sinema kuliko mengi yaliyobuniwa. Lakini katika picha, meli ikishaachana na mashua, hupotea kama jiwe lililotupwa majini. Mombasa yabaki kuwa jina katika karatasi za safari.

Haidhuru, atasema mtu. Picha ni ya nahodha, si ya meli. Nami nakubali kwamba mtunzi ana haki ya kukata. Hata mzee anayesimulia habari ya msiba wa nyumbani kwake huacha mengi. Lakini ukataji una sheria zake, na sheria ya kwanza kwa anayedai kusema kweli ni kwamba lililokatwa lisigeuze maana ya lililobaki. Hapa ndipo nina shaka, wala shaka yangu si kwa sababu ya bandari yetu peke yake.

Tutazame mwanzo. Picha yaanza Vermont, katika Marekani. Nahodha na mkewe wamo garini, wanaelekea uwanja wa ndege, na njiani wanazungumza juu ya watoto wao na juu ya ulimwengu uliobadilika, ambamo kijana hapati kazi kwa urahisi kama zamani. Ni mazungumzo ya kawaida, na kwa ukawaida wake yatufanya tumpende mtu huyu. Kisha twahamishwa hadi Eyl, katika pwani ya Somalia. Huko twaona gari likija na watu wenye bunduki, wanakijiji wakiamshwa na kuamriwa waende baharini, na Muse akiwachagua wenzake. Nia ya watunzi yaonekana: wametaka kuweka manahodha wawili katika mizani moja, kila mmoja akiwa na mkubwa wake anayemsukuma. Ni nia njema. Lakini katika mizani hiyo upande mmoja umewekwa mke, watoto na wasiwasi wa baba, na upande wa pili umewekwa bunduki na fujo. Hatumwoni mama yake Muse. Hatujui amelala wapi usiku ule.

Baadaye, Phillips amwuliza sababu ya kushambulia meli yenye chakula cha wenye njaa, naye Muse ajibu kwa maneno machache: meli kubwa za kigeni zimekuja zikavua samaki wote. Maneno hayo ni kweli, na nyuma yake pana historia ndefu. Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991. Bahari yake ikabaki bila mlinzi. Meli za mataifa mengine zikavua humo bila ruhusa ya mtu. Si maharamia wote waliokuwa wavuvi, wala kuporwa samaki si ruhusa ya kuteka watu, na sijamsikia mtu mwenye akili akidai hivyo. Hata hivyo katika picha ya saa mbili na zaidi, historia hiyo imepewa sentensi moja, nayo imetiwa katika kinywa cha mtu aliyeshika bunduki, ambaye mtazamaji amekwisha kujizuia asimsadiki.

Na tutazame mwisho. Muse alipofikishwa mahakamani New York mwaka 2009, shindano la kwanza lilikuwa juu ya umri wake. Jamaa zake walisema hajafika miaka 18; upande wa mashtaka ulisema amekwisha kufika; hakimu aliamua ashitakiwe kama mtu mzima. Mwaka 2010 alikiri makosa, na mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka 33 na miezi tisa. Sina uwezo wa kuamua umri wa mtu nisiyemwona. Lakini kwamba hapakuwa na hati ya kuaminika ya kuonyesha siku aliyozaliwa, na kwamba mahakama ililazimika kupima maneno ya wazee wake yaliyokuja kwa simu, jambo hili latueleza hali ya Somalia kuliko vidau kumi. Picha imemwonyesha Muse kuwa mtu mzima, aliyeigizwa na mtu wa miaka karibu 28, na swali la umri halimo hata kwa dokezo.

Mbele ya mwisho huo yupo nahodha katika chumba cha matibabu ndani ya manowari, akitetemeka, amelowa damu isiyo yake, akiulizwa maswali mepesi na mhudumu naye akishindwa kuyajibu. Sijaona katika sinema mtu aliyenusurika akionyeshwa kwa ukweli kama huu. Hana furaha ya ushindi. Mwili wake tu ndio unaotambua yaliyopita. Ningeitetea sehemu hii mbele ya mtu yeyote. Ila nilipokuwa naitazama niliona pia kwamba machozi yetu yote yameelekezwa katika chumba kimoja, na katika meli ileile, hatua chache kutoka hapo, alikuwapo kijana aliyekuwa amekwisha kuambiwa kwamba wenzake wote wamekufa.

Sababu ya upungufu huu si uovu wa watunzi. Yatokana na chanzo chao, yaani kitabu cha shahidi mmoja. Hata mabaharia wenziwe hawakukubaliana naye katika kila jambo. Baadhi yao waliwashitaki wenye meli huko Marekani, wakidai kwamba nahodha alikuwa ameonywa akae maili 600 mbali na pwani asikae. Madai si hukumu, nami sitaki kumhukumu mtu aliyekuwa tayari kufa. Nasema tu kwamba ukweli wa shahidi mmoja, hata awe mwaminifu namna gani, ni ukweli wa mahali alipokuwa amesimama. Picha ingetwambia kwamba yasimulia habari kama Phillips alivyoiona, nisingekuwa na neno. Imetwambia kwamba yasimulia mambo yalivyotokea.

Ili nisionekane kudai lisilowezekana, nataja picha nyingine. Mwaka 2012, Mdenmark Tobias Lindholm alitoa Kapringen, habari ya kubuni juu ya meli ya mizigo iliyotekwa katika bahari hii hii. Mhusika wake mkuu si nahodha, ila mpishi. Shambulio lenyewe halionyeshwi kabisa. Twalisikia kwa mara ya kwanza ofisini Copenhagen, pamoja na mkuu wa kampuni. Baada ya hapo ni siku juu ya siku za kungoja, simu zikipigwa na bei ikishindaniwa kama ya ng'ombe mnadani, na mkalimani wa watekaji akikasirika kila anapoitwa haramia. Meli waliyoitumia ni MV Rozen, ambayo yenyewe ilipata kutekwa mwaka 2007 baada ya kupeleka chakula cha msaada Puntland, na miongoni mwa mabaharia wake walikuwamo Wakenya. Watekwaji wengi wa miaka ile walikuwa watu wa namna hiyo, wasio na manowari ya kuwafuata, nao walikaa mateka kwa wiki na miezi. Lindholm hakudai kwamba habari yake ilitokea. Lakini mjomba wangu alipoitazama alitikisa kichwa akasema kwamba ndivyo mabaharia wanavyongoja.

Basi hukumu yangu, ikiwa ya mtu asiye fundi yaweza kuitwa hukumu, ni hii. Captain Phillips ni picha nzuri, na mwanafunzi anayetaka kujua jinsi hofu inavyojengwa aitazame mara mbili. Ni ya kweli katika saa zake, lakini si ya kweli katika miaka yake. Yajua vizuri jinsi bunduki inavyoshikwa, haijui mshikaji alitoka wapi wala alikwenda kuishia wapi. Nasi tunaojifunza kutunga habari za mambo yaliyotokea katika nchi zetu, ambazo ni nyingi na bado hazijaandikwa, tuna la kujifunza katika sifa zake na katika upungufu wake pia. Kabla hatujaandika juu ya ukurasa wa kwanza kwamba mambo haya yalitokea kweli, yafaa tumtafute mtu wa pili aliyekuwapo, tumwulize aliona nini, na tuulize kama meli ilifika.