Mtoto na Mlipuko: Usawiri wa Maangamizi katika Akira

Wahakiki wengi wameifasiri Akira (1988), filamu ya katuni ya Katsuhiro Otomo, kuwa kumbukumbu ya Hiroshima na Nagasaki za 1945. Fasiri hiyo ina mashiko, kwani filamu inafunguliwa na mlipuko unaoiteketeza Tokyo. Hata hivyo, inamtwika adui wa nje lawama ambayo kazi yenyewe inaielekeza ndani. Mlipuko huo hauangushwi na ndege. Chimbuko lake ni mtoto aliyefanyiwa majaribio na dola yake mwenyewe. Tetsuo, kijana wa genge la pikipiki katika Tokyo mpya ya 2019, anapitishwa njia iyo hiyo, hadi mwili wake unavimba na kummeza hata Kaori ampendaye.

Mashabiki waliosoma hadithi ya picha, ambayo Otomo aliianza 1982 na kuikamilisha 1990, hulalamika kwamba Akira aliye hai humo amegeuzwa vipande ndani ya chupa. Kwa upande wa msuko, wana haki. Lakini chupa hizo ndizo kejeli kali zaidi ya filamu: dola imeuzika ushahidi wa kosa lake ardhini, kisha juu yake inajenga uwanja wa Olimpiki.