Namna ya Kumjua Samaki Mkavu wa Ghuba ya Ferguson

Anayeishi Kalokol ana raha ambayo sisi wa Lodwar tunaionja kwa mbali tu. Humwona samaki angali anatapatapa, akajua amevuliwa saa ngapi, amepasuliwa na nani na ataanikwa wapi. Sisi tulio kilomita 60 hivi kutoka ziwani, na wenzetu wa Kakuma walio mbali zaidi, tunakutana naye ameshakauka, kafungwa kamba, kalala guniani. Inatubidi tuisome safari yake mwilini mwake. Kwa mpenzi wa samaki, kuisoma huko ni sehemu ya utamu.

Ghuba ya Ferguson iko upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, imekingwa na ulimi wa mchanga wa Longech. Maji yake ni ya kina kifupi na yana joto, na ngege huzaliana humo kwa wingi. Ziwa likishuka sana ghuba hukauka, kama ilivyokuwa katika miaka ya 1980; likipanda, ngege hurudi. Upepo wa kusini-mashariki huvuma usiku hadi asubuhi, kisha jua linashika zamu. Mahali pengine watu hutafuta kuni za kukaushia samaki; hapa hewa yenyewe inaifanya kazi hiyo bure. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1980 Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol. Kugandisha kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, navyo ni adimu jangwani, na gharama ikakishinda kiwanda. Kilisimama baada ya muda mfupi. Waanikaji hawakusimama. Kukausha samaki ni ufundi kamili, na unastahili kupimwa kwa makini kama ufundi mwingine wowote.

Anza na kisu. Samaki mzuri hupasuliwa mgongoni, kisu kikifuata uti kutoka kichwani hadi mkiani, akafunguka wazi huku ngozi ya tumbo ikishikilia pande zote mbili. Matumbo na matamvua yawe yametoka. Mtazame kando ya uti: mstari mweusi hapo ni damu ambayo haikusuguliwa wala kuoshwa, na kuoza huanzia kwenye damu. Mbuta, kwa kuwa nyama yake ni nene, lazima achanjwe ili chumvi ipenye. Chale zilizopangana vizuri, zenye kina kimoja, zimetoka kwenye mkono uliozoea. Chale za ovyo, moja imefika ngozini na nyingine imekwaruza juu tu, zinakuambia kwamba hata chumvi imepakwa ovyo.

Sasa ukavu, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Jua la Turkana ni kali mno kwa samaki mnene. Akiachwa juani mchana kutwa siku ya kwanza, nyama ya nje hukakamaa na kuyafungia maji ndani. Kwa macho amekauka kabisa. Akikaa guniani siku chache, unyevu ule hutoka taratibu, analainika, anaanza kunuka kuanzia mfupani. Mwanikaji hodari humgeuza mara kwa mara, humkinga na jua la adhuhuri, hungoja upepo ufanye kazi yake. Kwa hiyo usimguse mkiani, ambako kila samaki ni mkavu. Bonyeza kwa kidole gumba nyuma ya kichwa, penye nyama nene. Nyama ikibonyea na alama ikabaki, mrudishe. Kisha jaribu kumkunja. Ngege aliyeiva kwa upepo hugoma, halafu huvunjika kwa mlio. Anayekunjika kimyakimya kama ngozi ya kiatu bado ana maji. Mwinue pia juani: nyama nyembamba ya ngege mzuri hupitisha mwanga, na mabaka meusi ya ndani huonekana bila kutafutwa.

Yuko mama mmoja sokoni Lodwar ambaye hana haja ya kusifu mali yake. Unamsalimu, “Ejok,” anajibu, “Ejok noi,” kisha anachukua ngege wawili na kuwagonganisha juu ya leso nyeusi aliyoitandika mapajani. Anakungoja uitazame leso. Hakuna punje. Ngege wale walianikwa kwenye kichanja, juu ya ardhi, upepo ukipita chini na juu. Samaki wa kuanikwa mchangani huacha ushahidi wake kwenye leso, na mchanga ulioshikana na chumvi ndani ya nyama hautoki hata ukiloweka usiku kucha. Utaukuta mdomoni.

Chungulia matundu ya macho na chini ya mashavu, ndiko wanakojificha mbawakawa na mabuu yao yenye manyoya. Unga mwingi chini ya gunia ni kazi yao. Lakini ogopa zaidi samaki ambaye hata nzi mmoja hamkaribii saa sita mchana. Wapo wauzaji wanaonyunyizia dawa ya wadudu, na harufu ya dawa hiyo haihitaji mtaalamu. Acha, ondoka. Harufu nyingine, ile nzito ya ziwa na chumvi, si kasoro. Kasoro ni harufu ya mafuta yaliyochacha, ambayo kwa kawaida huja na rangi ya kutu kwenye kingo. Humpata mbuta upesi kwa sababu ya mafuta yake. Madoa ya waridi juu ya chumvi nayo ni dalili ya kuharibika.

Majaji wakali kuliko wote ninaowajua wako Kakuma. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita Sudan, na Wakongo waliokuja baadaye walileta midomo iliyolelewa kwa makayabu, samaki mkavu wa chumvi. Samaki wa ziwa hili husafirishwa hadi Kongo kwao, kwa hiyo wanamjua. Hawatosheki na kumkagua sokoni. Wanamloweka, wanamwaga maji, wanamloweka tena, halafu wanamtazama: nyama ya samaki aliyekaushwa akiwa mbichi wa kweli huachana vipande vipande vilivyo imara, na ya aliyeoza kabla ya kuanikwa huvurugika ikawa uji. Hapo hakuna chumvi inayoficha kitu. Ndipo vinakuja vitunguu, nyanya na mawese.

Kwangu mimi, anayeongoza ni ngege wa ghuba wa ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa, wa kichanjani, mwenye chumvi ya kiasi. Mbuta ana nyama zaidi, lakini ngege hukauka sawasawa na hukaa muda mrefu bila kuchacha. Miti ya mathenge imejaa ufukweni, na nguzo za vichanja zinaweza kukatwa humohumo. Kinachokosekana ni mnunuzi anayeuliza. Basi uliza alianikwa wapi. Ukimpata asiye na mchanga, lipa bei anayotaja mama, na umwambie waziwazi kwamba unalipa kwa sababu hiyo. Magari ya Kalokol huenda na kurudi, na habari hiyo itawafikia waanikaji.