Sifa za Waokota Maneno Makuukuu

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mjini London mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba maneno mengi ya vibarua na wachuuzi ni ya kupita tu, leo yapo kesho hayapo, hivyo hayastahili kuhifadhiwa. Namvulia kofia kwa kazi aliyoifanya, lakini hapo siko naye. Uchakavu una msamiati wake, na wenye msamiati huo ni wale waliovaa mararu. Kama Waingereza wangali na ghala zima la maneno ya zamani ya kuitia matambara, vitu vya kukwaruza na watu waliochakaa, shukrani ziwaendee watunga kamusi waliokubali kuinama.

Francis Grose alikuwa mmoja wao. Jamaa huyu mnene, mcheshi, aliyewahi kuwa askari, alizunguka vichochoro vya London usiku akitega sikio, na mwaka 1785 akachapisha kamusi ya lugha ya mitaani. Humo yumo “tatterdemalion”, mtu ambaye nguo zimemwishia mwilini vipandevipande. Mwanzo wa neno ni matambara. Mkia wake haujulikani ulikotoka. Mimi nashuku mtu fulani alilirefusha kwa utamu wa kulitamka. “Ragamuffin” lina ukoo wa ajabu zaidi: katika shairi la William Langland la karne ya 14 linatajwa kama jina la shetani. Baadaye shetani akawa mtoto wa mitaani mwenye nguo zilizoraruka.

Kuna na “tawdry”, linalotajwa kwa kitu cha kumetameta kisicho na thamani. Asili yake ni Mtakatifu Audrey, mkuu wa watawa wa Ely, aliyefariki mwaka 679 kwa uvimbe shingoni. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliuona kuwa adhabu ya mikufu aliyoipenda ujanani. Na watu walivyo, katika gulio la sikukuu yake wakauza utepe wa hariri wa kuvaa shingoni! Utepe ukazidi kuwa rahisi, jina la mtakatifu likashuka nao.

Lakini neno ninalolionea huruma ni “shoddy”. Huko Batley, Yorkshire, mwaka 1813, Benjamin Law alianza kuchana matambara ya sufu hadi yarudi kuwa nyuzi, akayachanganya na sufu mpya na kuyafuma upya. Kwa wafanyakazi wa viwanda, “shoddy” lilikuwa jina la bidhaa hiyo iliyowalisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, makandarasi wakaliuzia jeshi la Kaskazini sare za kitambaa hicho kilichofumwa ovyo, zikaachana miilini mwa askari. Tangu hapo neno likawa tusi kwa kazi yoyote ya kulipua. Mtunga kamusi mwaminifu haanzi na tusi. Huanza na maana ya kiwandani, yenye jasho, ndipo aje kwenye lawama. Mpangilio huo wa maana nauona kuwa ni hukumu ya haki.

Aliyeifikisha kazi hii kileleni alitoka katika viwanda vya Yorkshire hiyohiyo. Joseph Wright, aliyezaliwa mwaka 1855, aliswaga punda machimboni akiwa na miaka 6, kisha akaingia kiwanda cha nguo cha Saltaire kubadilisha bobini zilizojaa uzi. Alikuwa na miaka 15 hajui kusoma, na alichoshwa na kusomewa na wengine habari za vita vya Ufaransa na Prussia. Akajifundisha. Aliishia kuwa profesa wa Oxford, na kati ya 1898 na 1905 akatoa kamusi ya lahaja za Kiingereza yenye majuzuu 6, mkewe Elizabeth Mary, naye msomi, akiwa bega kwa bega naye.

Vikaratasi vilimjia kutoka kila upande wa nchi: neno, maana, sentensi, na mahali lilikosikika. Kazi ni kuvipima. Je, haya ni maneno mawili, au ni moja kwa matamshi mawili? Maana ya kijiji kimoja ipewe nafasi yake? “Clout”, kwa msomaji wa gazeti la London, ni konde au ushawishi. Lakini tangu kale lilikuwa kiraka, na watu wa kaskazini waliendelea kuita hivyo kitambaa chochote cha kufutia. Wright hakuwasahihisha. Aliandika walivyosema.

Kwetu, Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) limekwisha kutoa makamusi ya lahaja, Kipemba na Kimakunduchi zikiwemo, na bado pwani yetu ni ndefu. Bibi yako akiliita tambara kwa neno usilolijua, andika sentensi yake nzima pamoja na jina la kijiji, uwapelekee watunga kamusi. Wala usimsanifishie.