Sifa za Mpima Nyaya

Julai 2009 kebo ya intaneti ya SEACOM ilipoanza kazi, baada ya kuvutwa chini ya bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam, watu walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini data inayovuka bahari humfikia karani wa ghorofa ya tano kwa waya wa shaba uliofichwa darini, usiotakiwa kuzidi mita 90 kutoka kabati la vifaa hadi soketi ya ukutani. Mita hizo hazina wa kuzizindua. Anayezijali ni fundi mwenye mashine mbili za mkononi, moja kabatini na nyingine kwenye soketi, na huyo ndiye ninayemsifu hapa.

Ndani ya kebo mna nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili. Msokoto huo, ambao Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu, ndio kinga yote. Kelele ikiingia waya mmoja, huingia na kwa mwenzake karibu kwa kiasi kile kile, na kifaa cha mwisho kinachosoma tofauti kati yao hakiisikii.

Sasa mtu asiyejua kazi atazipanga jozi kwenye pini za soketi kwa kufuatana: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6. Taratibu za kazi hii zinataka jozi moja ikae namba 3 na 6, nyingine katikati yake, 4 na 5. Akikosea hivyo pande zote mbili, testa ya taa nane itawasha taa zote, moja baada ya nyingine, kwani kila waya umefika unakotakiwa. Mteja analipa. Ofisi inafunguliwa, simu za mtandao zinakata maneno, mafaili yanajivuta, na lawama anabeba mleta intaneti. Kosa liko ukutani: waya umeachanishwa na mwenzake na kupangwa na mgeni, kinga imekufa.

Mashine ya kuthibitisha, ile ya fundi ninayemsifu, hailiachi kosa hilo. Kwa kebo ya daraja la Cat 6 hupitisha ishara kutoka megahezi 1 hadi 250, kwa Cat 6A hadi 500, ikipima kila jozi: nguvu kiasi gani inapotea njiani, kiasi gani inarudi nyuma, kiasi gani inavujia jirani. Tena, kwa kupima muda ambao mwangwi hutumia kurudi, humwonyesha fundi kasoro iko mita ya ngapi. Habomoi ukuta kwa kubahatisha.

Hata hivyo mashine haina dhamiri. Ukiichagulia daraja la chini kuliko kebo iliyowekwa, itakupa jibu la kufaulu lisilo na maana. Hapo ndipo namheshimu fundi. Kuna matokeo yaliyo karibu mno na mpaka kiasi kwamba usahihi wa chombo chenyewe hauwezi kuamua. Mashine huyatilia alama ya nyota. Aliye na haraka hupita. Fundi halisi hufungua soketi, hukata ncha, na kuzibana nyaya upya, akihakikisha msokoto haujafumuliwa zaidi ya milimita 13. Hakuna atakayeiona kazi hiyo, kwani kifuniko kinarudishwa palepale. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya ufundi wote huu.

Niseme pia juu ya nyaya za alumini zilizopakwa shaba, ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia. Testa ya taa huzipitisha. Lakini ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, nazo hupata joto zaidi zinapobeba umeme wa kamera na simu kwa kebo ileile ya data. Kipimo cha ukinzani huzifichua, ilimradi fundi akubali kukifanya.

Basi wewe unayejenga shule, zahanati au ofisi, usipokee nyaya kwa kuonyeshwa taa. Andika katika mkataba kwamba malipo ya mwisho yatatoka ukishakabidhiwa vipimo vya kila soketi, vikiwa katika faili asilia lililotoka kwenye mashine, si jedwali lililochapwa baadaye.